Karani wa Moto
Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, wilaya za Ngara na Biharamulo

  Kama mko katika kikundi, mwenyekiti wenu na ahakikishe kwamba kila mtu ameketi mahali anaposikia, na katikati yenu iwepo karatasi moja kubwa na penseli. Tutaitumia mwisho wa somo.

Leo nataka kuzungumza nawe habari za kazi ambayo pengine hujapata kuisikia ikitajwa. Unamjua askari wa zimamoto. Unamjua Bwana Misitu. Unawajua vijana wa kijiji wanaotoka na matawi mabichi pori linapoungua. Lakini nyuma ya watu hao yuko mtu mmoja ambaye hashiki tawi wala jembe, na moshi haumfikii. Ameketi mezani. Mbele yake ana redio ya upepo, simu, ramani na daftari. Kazi yake ni kupokea habari kwamba pori linaungua, kuuliza maswali, kuamua nani aende, kumtuma, na tangu hapo kujua kila wakati wale aliowatuma wako wapi, mpaka wa mwisho wao arudi.

Katika nchi nyingine, mathalani Marekani, hiyo ni kazi kamili yenye mafunzo yake na mshahara wake. Kwetu hufanywa na mtumishi aliye zamu siku ile. Pengine ni askari wa uhifadhi katika kituo cha hifadhi ya taifa, pengine ni mtumishi wa Wakala wa Huduma za Misitu, pengine ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huko kijijini pengine ni mtendaji wa kijiji mwenye simu yake ya mkononi na daftari la shule. Jina la kazi hiyo kwa Kiswahili bado halijakaa sawasawa. Katika somo hili nitamwita karani wa moto.

Utaniuliza, mimi mkulima wa migomba, au mimi mfugaji, kazi ya karani inanihusu nini? Inakuhusu kwa sababu karani wa moto haoni kitu. Ameketi ndani ya chumba. Moto anauona kwa maneno yako tu, na ukisema vibaya, ataona vibaya.

Basi kwanza tuitazame nchi yetu. Ngara ni nchi ya milima. Ukisimama juu unaona mgongo mmoja baada ya mwingine, na mabondeni unapita mto Ruvubu kwenda kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Biharamulo ni nchi ya miyombo, misitu inayokwenda mbali pande zote, na kaskazini yake ni ziwa Burigi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 4,700. Hebu fikiri: nchi kubwa kiasi hicho, barabara chache, na tangu Juni hata Septemba mvua hakuna, majani yamesimama makavu kuliko kimo cha mtu.

Tena wazee wa Ngara hawajasahau mwisho wa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Watu wale walihitaji kupika, na miti ya kuzunguka Benako ikawa kuni. Siwalaumu. Mwenye mtoto mwenye njaa hatazami umri wa mti. Lakini mahali penye miti kivuli huzuia majani yasizidi, na miti ikiondoka majani hujaa. Na majani ndiyo yanayoukimbiza moto.

Nani anawasha? Unajua kama ninavyojua mimi. Mfugaji anataka majani mabichi. Mkulima anasafisha shamba, upepo unamshinda. Mrina asali anaacha kinga chake chini ya mti. Mchoma mkaa amelala. Mwindaji anataka kuona mbali. Mara chache sana ni radi, kwa sababu radi huja na mvua. Leo sikusudii kumtafuta mkosaji. Hayo yana somo lake. Leo moto umekwisha kuwaka, na wewe umeuona. Utafanya nini?

Zamani tulipiga yowe, na hata leo tunapiga. Yowe ni jambo jema sana, kwa kuwa huamsha watu wote mara moja. Lakini lina upungufu mmoja, nao ni kwamba huwaleta watu kwako wewe mpiga yowe. Haliwapeleki penye moto. Tena halifiki Biharamulo mjini. Kwa hiyo baada ya yowe huja simu, na hapo ndipo karani anapoanza kazi yake.

Sasa sikiliza mazungumzo haya. Tumeyatunga kwa ajili ya somo, na wasemaji ni mama mmoja aliyekwenda kuokota kuni, na karani aliye zamu.

MAMA: Haloo! Haloo! Njoni upesi, pori linaungua!

KARANI: Shikamoo mama. Nakusikia vizuri. Wewe mwenyewe umesimama wapi sasa hivi?

MAMA: Marahaba mwanangu. Moto mkubwa! Unakuja!

KARANI: Nimeelewa mama, moto mkubwa. Niambie kwanza wewe uko wapi. Kijiji gani, kitongoji gani?

MAMA: Niko njia ya kuni, juu ya zahanati yetu.

KARANI: Zahanati ya kijiji gani, mama?

(Mama anataja kijiji.)

KARANI: Vema. Sasa uelekee kule jua linakotua. Moto uko mbele yako, nyuma yako, au mkono upi?

MAMA: Mkono wa kushoto. Ng'ambo ya bonde.

KARANI: Kwa hiyo kati yako na moto kuna bonde. Unaona ndimi za moto, au moshi tu?

MAMA: Moshi. Ndimi naziona mojamoja, chini ya mlima.

KARANI: Moshi unasimama wima, au unalala?

MAMA: Umelala. Unakuja upande wangu.

KARANI: Basi mama, usiteremke bondeni. Rudi zahanati sasa hivi, kwa njia uliyojia, nami nitakupigia huko. Kuna mtu mwingine yeyote unayemjua aliye bondeni?

MAMA: Watoto wa jirani wamepeleka mbuzi.

KARANI: Wangapi?

Tuishie hapo. Umeona alivyofanya? Mama alitaka kusema habari za moto, lakini karani alitaka kwanza kujua mama mwenyewe yuko wapi. Kwa nini? Kwa sababu simu inaweza kukatika wakati wowote. Ikikatika naye anajua mahali aliposimama mama, ana pa kuanzia. Ikikatika naye anajua tu kwamba moto ni mkubwa, hana kitu. Hasa ninyi wa Ngara mnaokaa mpakani mnajua jinsi simu zenu zinavyohamia mtandao wa ng'ambo ukipanda mgongo wa mlima. Sema mahali kwanza.

Pia hakumwuliza mama kama anajua kaskazini na kusini. Wengine tunajua, wengine hatujui, na mtu mwenye hofu husahau hata anachokijua. Alimwambia aelekee jua linakotua. Wala hakuacha kumwamkia. Nimepata kusikia watu wakisema kwamba penye hatari salamu ni kupoteza wakati. Mimi sikubali. Shikamoo moja huchukua sekunde moja, na mama aliyeamkiwa hutulia akajibu maswali. Aliyefokewa huzidi kupiga kelele. Ila wewe unayepiga simu, usiendelee kuuliza habari za nyumbani na za kazi. Karani hatakuona huna adabu.

Sasa maswali ya moshi. Moshi mweupe mara nyingi ni majani yenye unyevu bado. Moshi mzito wa kijivu au mweusi waonyesha kwamba kinachoungua ni kizito au ni kikavu sana. Moshi uliosimama wima waonyesha upepo ni mdogo. Moshi uliolala hukuambia moto unakwenda wapi. Na neno lile, "chini ya mlima", ni kubwa kuliko yote aliyoyasema mama. Moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoteremka, kwa sababu joto lake hutangulia kuyakausha majani ya juu. Wataalamu wana hesabu yao ya kukadiria, kwamba mteremko ukizidi kwa nyuzi 10, mwendo wa moto unaopanda huongezeka mara mbili. Kwa milima ya Ngara hesabu hiyo si mchezo. Moto ulio chini ya mlima asubuhi si moto mdogo, hata kama unaonekana kama wa kuchoma mahindi.

Hapa hapana budi nikuambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu, kabla sijaingia katika kazi hii ya elimu ya watu wazima, shule yetu ilikuwa karibu na msitu, upande wa Biharamulo. Ilikuwa Agosti 2016. Nikiwa barazani, saa tano asubuhi, niliona moshi. Nilikuwa na namba ya ofisi moja, nikapiga. Nikasema, "Moto uko mlima wa nyuma ya shule." Yule karani akaniuliza, "Nyuma ya shule upande gani, mwalimu? Mlima wa kwanza au wa pili?" Nami, kwa kuwa salio lilikuwa dogo na kengele imegongwa, nikamjibu, "Mkija mtauona tu," nikakata simu nikaenda kufundisha hesabu.

Walikuja. Walipanda mlima wa kwanza. Moto ulikuwa mlima wa pili, ng'ambo ya korongo, na ukiwa pale barazani milima ile miwili huonekana kama mmoja. Kuzunguka lile korongo kuliwachukua zaidi ya saa nzima. Katika saa ile mzee mmoja jirani yetu, mfuga nyuki, aliingia na mjukuu wake kuokoa mizinga. Mizinga haikuokoka. Mjukuu alitoka mzima. Mzee aliungua miguu yote miwili, na tangu siku ile hakuvaa tena viatu vya kufunika mguu, kwa sababu ngozi haivumilii. Jioni yule karani alinipigia. Hakunikaripia. Alisema, "Mwalimu, ningehitaji dakika moja tu." Nilikuwa na salio la dakika tatu.

Turudi mezani kwa karani. Simu moja haimtoshi. Anaomba simu ya pili, ya mtu aliyesimama mahali pengine. Kwa nini? Mtu wa kwanza akisema moshi uko upande huu, karani huchora mstari kwenye ramani kuanzia mahali aliposimama yule mtu. Mtu wa pili akisema, huchora mstari wa pili. Mistari inapokatana, hapo ndipo penye moto. Hakuna elimu kubwa katika jambo hili. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mtumishi mmoja wa misitu, William Osborne, alitengeneza chombo cha kuwekwa ndani ya minara ya walinzi wa moto, chenye ramani ya mviringo na kitundu cha kulengea moshi, kwa kazi hiyohiyo. Na minara mingine bado inacho. Wewe na jirani yako, mkisimama juu ya vilima viwili, mnaweza kuwa minara miwili.

Wengine watasema, siku hizi kuna setilaiti. Ni kweli. Shirika la anga la Marekani, NASA, huonyesha bure kwa dunia nzima mahali palipoonekana joto la moto, na karani mwenye intaneti anaweza kuona alama hizo hata za Ngara. Chombo kimoja kinachotumika, kiitwacho VIIRS, huigawa nchi katika vipande vyenye upana wa meta 375 hivi. Lakini sikiliza vizuri: setilaiti zenye chombo hicho hupita juu yetu mapema alasiri, na tena baada ya usiku wa manane. Habari yake huweza kukawia hata saa tatu kabla haijamfikia karani. Wingu likiwapo, haioni. Moto uliowaka saa tisa alasiri utakuwa umekula kilima kizima na kulala kabla setilaiti haijarudi. Nayo haijui kwamba watoto wawili wako bondeni na mbuzi. Ni msaada mzuri sana kwa mapori ya ndani ambako hakuna mtu, na kwa kujua mwishoni mwa mwaka ni wapi paliungua. Kwa kijiji chako, simu yako ni ya kwanza.

Haya, karani amejua mahali. Sasa amtume nani?

Hapa makarani wapya hukosea. Humtuma mkubwa wa kazi, au hutuma gari, kwa kuwa gari lina sauti na watu wataliona. Gari la zimamoto ni zuri penye barabara na maji. Juu ya mgongo wa mlima halifiki. Karani mzuri huuliza ni nani aliye karibu zaidi mwenye miguu, majembe, mapanga, vipigio na bomba za maji za kubeba mgongoni. Huuliza watapita njia ipi kwenda, na watatoka kwa njia ipi kama upepo ukigeuka. Kikundi kisichojua njia yake ya kutokea, hakitumi. Kisha huandika katika daftari: majina ya wote, si hesabu tu, jina la kiongozi, saa waliyoondoka, redio au simu waliyo nayo, na betri yake ina nguvu kiasi gani. Halafu hukubaliana nao saa ya kuitana, mathalani kila nusu saa, hata kama hakuna jipya la kusema.

Na wakiitana, husemezana kwa namna moja: anayesikia hurudia alichoambiwa. "Tumevuka mto, tuko kusini ya lambo." Karani hujibu, "Mmevuka mto, mko kusini ya lambo." Neno "sawa" ni neno baya katika redio. Kwetu "sawa" yaweza kuwa nimekubali, yaweza kuwa nimesikia, yaweza kuwa sikusikia lakini naona aibu kuuliza tena.

Nusu saa ikipita bila sauti, karani hangoji. Huita. Asipojibiwa, huita tena, kisha hutuma mtu. Waliofanya kazi hii watakuambia kwamba kelele za redio haziwachoshi. Kinachowachosha ni ukimya wake.

Nitakupa mfano, nao ni wa huzuni. Tarehe 30 Juni 2013, huko Yarnell, jimbo la Arizona, Marekani, kikosi cha wazima moto wa porini kilikuwa kazini katika moto ulioanzishwa na radi siku mbili kabla. Walikuwa watu wenye mafunzo na nguvu. Walikuwa mahali palipokwisha kuungua, na hapo ni mahali salama, kwa kuwa moto haurudii majivu. Kisha wakahama, wakateremka kupitia bonde lenye vichaka kuelekea shamba moja. Upepo wa dhoruba ukageuza moto ukawakuta humo. Wakafa watu 19. Uchunguzi wa serikali ya jimbo ulikuta kwamba kwa zaidi ya nusu saa hapakuwa na mawasiliano yanayothibitika yaliyoeleza kikosi kile kiko wapi. Ndege kubwa ya kumwaga dawa ya moto ilikuwapo angani, tayari. Haikujulikana imwage wapi.

Naomba uone vizuri jambo hilo. Nchi ile ina ndege, redio za kila namna, na watu waliosomea kazi. Kilichokosekana mwishoni kilikuwa jibu la swali lilelile aliloulizwa mama wa kuni: wewe uko wapi sasa hivi?

Mfano wa pili ni wa kwetu. Oktoba 11, 2020 moto ulianza katika mlima Kilimanjaro. Kwa hesabu iliyotolewa na Shirika la Hifadhi za Taifa, uliunguza kilometa za mraba 95.5. Watu zaidi ya 500 walipanda kuuzima, askari, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijiji vya chini. Gazetini tuliona picha za watu wenye matawi. Lakini piga hesabu mwenyewe: watu 500, usiku wa baridi mlimani, kila mtu ale mara mbili na anywe maji. Nani anajua kundi lipi halijala tangu jana? Nani anajua kundi lipi limekesha na sasa lipumzishwe? Hiyo nayo ni kazi ya mezani. Kutuma watu ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni kuwalisha, kuwabadilisha zamu na kuwahesabu wakirudi. Na karani mmoja akimwachia mwenzake kiti, humsomea daftari kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha ndipo anasimama.

Sasa nifike penye jambo gumu zaidi, nalo ni hofu.

Katika vikundi vyenu nimeulizwa mara nyingi, "Afisa, nikipiga simu kuhusu moto, je, sitaambiwa mimi ndiye niliyewasha?" Sitakudanganya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya kuchoma majani na pori, na aliyevunja masharti anaweza kushtakiwa. Tena kati ya wafugaji na hifadhi kumekuwa na ugomvi wa mipaka kwa miaka mingi, na mtu aliyewahi kufukuzwa mahali hana hamu ya kupiga simu kwa aliyemfukuza. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna mtu atakayekuja baadaye kukuuliza uliona nini.

Lakini nakuomba utofautishe watu wawili. Mpelelezi huuliza nani aliwasha. Karani huuliza moto uko wapi na watu wako wapi. Anapokuuliza jina na namba yako, ni kwa sababu atahitaji kukupigia tena upepo ukigeuka. Na wakuu wa ofisi wanaonisikia, nawaambia nanyi: karani anayeanza kwa kuuliza "Nani amewasha?" ameifunga simu ya kijiji kile kwa kiangazi kizima. Mwaka mwingine watu watautazama moshi, wataingia ndani, watafunga mlango. Nimeona kijiji cha namna hiyo. Moto ulipofika makaburini ndipo walipotoka.

Na kama ni wewe uliyewasha, moto wa shamba ukakushinda? Piga simu upesi kuliko wote. Wewe unajua uliwashia wapi, saa ngapi, na majani yalikuwaje. Hakuna habari iliyo bora kwa karani kuliko hiyo. Dakika kumi za kwanza watu sita wenye matawi wanaweza kuuzima moto ambao baada ya saa mbili utawashinda watu sitini. Afadhali kesi ya majani kuliko kesi ya mtoto wa mtu.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya polisi ni 112. Lakini usitegemee kwamba atakayepokea anakijua kilima chako. Huenda ameketi mbali sana nawe. Kwa hiyo pata pia namba ya mtendaji wako wa kijiji, na ya ofisi ya misitu au kituo cha hifadhi kilicho karibu, ukaziandike mahali ambapo hata mtoto atazisoma. Simu ikizimika chaji, namba zilizo ndani yake zimezimika nayo.

Sasa vuteni ile karatasi.

Katikati choreni shule au zahanati, kitu ambacho hata mgeni anakijua. Choreni barabara. Choreni mito na mabonde, na mahali pa kuvukia. Halafu choreni vilima vyote mnavyoviona, na kila kilima kiandikeni jina lake. Hapa mtagombana, kwa maana wazee watakiita hivi na vijana vile, na wahamiaji wana jina lao. Yaandikeni majina yote matatu. Kama mnakijua kigingi cha mpaka wa msitu au wa hifadhi chenye namba, wekeni na namba yake. Wekeni mizinga ya nyuki, malisho, njia za kuni, na nyumba za wazee wasioweza kukimbia. Kisha mtu mmoja asimame nje ya mlango, asioneshwe karatasi, ajifanye karani; mwingine ajifanye ameona moshi katika kilima kimojawapo, amweleze kwa maneno tu, bila kunyosha kidole. Yule karani aandike alichosikia. Fungueni karatasi mkaone kama amefika kilima chenyewe au amepanda cha jirani.

Fanyeni hivyo mara tatu, kwa watu watatu mbalimbali, na mmoja wao awe mtoto wa darasa la tano. Mkimaliza, nakilini karatasi ile mara mbili. Moja ibaki ofisi ya kijiji, na ya pili apelekewe yule anayepokea simu za moto katika eneo lenu. Mwambieni imetoka kikundi gani, na mwulizeni jina lake.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka kipindi kijacho, tutakapozungumza juu ya kuchoma mapema mwezi Juni, wakati majani yangali na unyevu, na jinsi ya kulima kinga ya moto kuzunguka shamba la migomba.